Sababu ya Kutofikisha Mzigo

4 Machi

Kwa Mwenye Lori,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo niwie radhi kama kalamu imetoboa karatasi mahali.

Katikati ya mwezi uliopita wewe na wapagazi wako mlipakia vyombo vyangu vyote: kitanda, cherehani, kabati la vyombo, meza ya kulia na vikorokoro vya maisha mazima. Ukaniambia, "Mama, tangulia na basi, mimi niko nyuma yako." Nikatangulia. Wewe mpaka leo uko nyuma.

Mwanangu, ambaye ndiye ninayekaa kwake sasa, anasema alikungoja siku nzima na hukutokea, na simu yako haikupatikana. Mimi ni mkunga mstaafu. Nimewangoja wengi katika kazi yangu, na hata aliyekuwa mkaidi kuliko wote mwishowe alitoka. Wewe umenishinda.

Nimepeleka lalamiko Ofisi ya Leseni za Usafirishaji. Karani amenieleza kwamba lalamiko likishapokelewa, mimi na wewe hatuongei tena kwa mdomo. Kanuni inataka maandishi, ili kila neno liwe na ushahidi. Basi niandikie. Usilete barua nyumbani. Tumia sanduku la posta lililo hapo juu, ni langu mwenyewe, na kulifuata kunanipa sababu ya kutoka.

Nataka kujua jambo moja tu: kwa nini vyombo vyangu havikufika.

Mkunga


11 Machi

Mama Mkunga, shikamoo.

Barua yako imenikuta nimekaa juu ya tairi la akiba nakula mkate mkavu, na nusura niumeze bila kutafuna.

Nijitambulishe vizuri, maana siku ile tulikuwa tunahangaika na kabati. Wenzangu wananiita Kobe. Wao husema ni kwa sababu nabeba nyumba za watu mgongoni. Marehemu mke wangu alikuwa akisema hapana, ni mwendo, na hiyo shingo. Chagua unalopenda, mimi naitika yote.

Vyombo vyako vipo, Mama. Viko katika ghala langu, chini ya bati lisilovuja, juu ya vibao ili unyevu usipande. Kanuni inataka mzigo ambao haujafika ukaguliwe kila wiki. Mimi naukagua kila siku, si kwa uhodari, ni kwa kukosa pa kwenda. Glasi za kabati ziko nzima. Cherehani nimeifunika blanketi.

Kuhusu sababu, palitokea hitilafu njiani. Lori langu ni mtu wa umri wangu, leo goti, kesho kiuno. Nivumilie kidogo nitengeneze mambo.

Wako katika aibu,
Kobe


18 Machi

Bwana Kobe, marahaba.

Nafurahi kusikia glasi ziko nzima. Lakini hitilafu si sababu. Mtu akija kliniki akaniambia ana hitilafu, simpi dawa, namwuliza inauma wapi. Nami nakuuliza: ilikuuma wapi?

Nikueleze ninapokaa, usije ukadhani nimelala barabarani. Ni ghorofani, pasafi, vigae vinang'aa mpaka unajiona unavyozeeka kwa chini. Kochi ni jeupe. Nalikalia kwa upande mmoja nisije nikalichafua, na jioni upande huo unaniuma. Juzi nilitaka kuchemsha maji. Mkwe wangu akasema, "Mama, hiyo sufuria ni ya maziwa." Nikamwuliza ya maji ni ipi. Akasema, "Maji tunachemsha kwa birika la umeme. Wewe kaa tu, Mama, nitakuchemshia." Ni binti mwenye adabu. Basi nimekaa. Tangu mwezi uliopita nimekaa.

Mwanangu anarudi jioni, ananiuliza, "Mama, umeshindaje?" Namwambia nimeshinda vizuri. Anasema, "Yule mzee wa lori tutamkamata tu." Namwambia sawa.

Andika sababu, Bwana Kobe. Ofisi inakutaka uijibu, na kanuni inasema nakala ije kwangu. Naingoja nakala hiyo.

Mkunga


22 Machi

Bwana mdogo,

Usishtuke kuona barua yangu kazini kwako. Sina anwani yako nyingine ninayoweza kuitumia bila kuharibu mambo, nawe unajua kwa nini.

Mama yako amenishtaki kwamba nimetoroka na vyombo vyake. Mimi na wewe tunajua kwamba siku ile ile nilifika getini kwenu, jua bado liko juu. Ulitoka na ndala, ukalizunguka lori, ukaniuliza, "Mzee, hivi vyote ni vya mama?" Nikasema vyote. Ukasema, "Haviingii." Nikakwambia tunaweza kuvipandisha kimoja kimoja, wapagazi wangu wamezoea ngazi. Ukaniambia, "Sijasema havipiti mlangoni, Mzee. Nimesema haviingii." Basi nikageuza lori. Mpokeaji akikataa, msafirishaji halazimishi. Ndivyo kanuni ilivyo, na hata isingekuwepo, ningewezaje?

Sasa ofisi inataka niandike sababu, na nakala itakwenda mkononi mwa mama yako. Sitaki alisome jambo hili kwenye karatasi yenye mhuri. Mwambie wewe. Kaa naye, mtengenezee chai, mwambie. Maneno haya ni mepesi yakitoka kwa mtoto kuliko yakitoka kwa mwenye lori.

Sina mtoto, kwa hiyo nakushauri bure kabisa.

Kobe


27 Machi

Mzee, shikamoo.

Nimeisoma barua yako chooni, kazini, mlango nimeufunga kwa komeo. Ndipo nilipofikia.

Mke wangu na mimi tulikubaliana mama aje. Hatukukubaliana kabati lije. Chumba tulichompa kinaingia kitanda kimoja, na kilikuwa tayari kina kitanda. Nilidhani angekuja na masanduku mawili matatu. Nilipoliona lori nilichanganyikiwa.

Nilikusudia kumweleza jioni ile ile. Lakini aliniuliza kabla sijavua viatu: "Lori limekuja?" Nikasema bado. Ndilo neno lililonitoka. Kesho yake "bado" ikawa "hajatokea," na baada ya wiki "hajatokea" ikawa "ametoroka." Sikukaa nikapanga kukuita mwizi, Mzee. Nilikuwa nateremka ngazi moja moja, nikajikuta chini.

Mama alinisomesha kwa kuzalisha watoto wa watu, mvua, jua. Akijua nilikirudisha kitanda chake getini, atanisamehe palepale, na hilo ndilo siliwezi. Naomba tafuta sababu nyingine. Kampuni yetu inahama ofisi katikati ya mwaka, jengo zima. Nitahakikisha kazi unapata wewe.

Nisamehe.


3 Aprili

OFISI YA LESENI ZA USAFIRISHAJI

Kwa Msafirishaji wa Vyombo vya Nyumbani,

YAH: LALAMIKO LA KUTOFIKISHA MZIGO

Unakumbushwa kwamba msafirishaji aliyeshindwa kufikisha mzigo wa nyumbani anatakiwa kueleza sababu kwa maandishi, nakala kwa mwenye mzigo. Sababu zinazokubalika ni ajali, barabara kufungwa, au mpokeaji kukataa. Pasipo mojawapo, leseni yako ya kubeba vyombo vya nyumbani itasimamishwa. Maelezo ya uongo ni kosa linalojitegemea.

Jibu lifike kabla ya tarehe 20 mwezi huu.

Afisa Leseni

(Kwa mkono, chini ya mhuri:) Kobe, andika ukweli tuyamalize. Nakufahamu. Huwezi kutoroka, hata ungetaka, kwa mwendo ule.


15 Aprili

Mama Mkunga, shikamoo.

Nimeambatisha nakala uliyoingoja. Nimeijibu ofisi. Kwa ufupi, nilipotea njia.

Najua ni aibu kwa mtu aliyezeekea kwenye usukani. Lakini ule mtaa wenu una mageti yanayofanana kama mapacha, na mimi miwani nilikuwa nimeikalia asubuhi. Nikazunguka, nikazunguka, mafuta yakapungua, nikarudi. Kisha nikaona haya kupiga simu. Mwanao alimngojea mtu ambaye hakuwa na akili ya kuuliza njia. Lawama zote ni zangu, naye hana hata punje.

Kupotea njia hakumo kwenye orodha ya sababu wanazozikubali, kwa hiyo huenda leseni ikasimamishwa. Usisikitike. Kuna kazi ya mchanga na kokoto, na hiyo haihitaji leseni ya vyombo vya nyumbani. Mchanga hauna mtu wa kuulilia. Ukimwaga nusu barabarani hakuna anayekuandikia barua.

Kwa kweli nitazikosa barua zako zaidi ya leseni. Ghala hili lina mwangwi. Wapagazi wangu wamekwenda kwa wenye kazi. Asubuhi nikifika navisabahi vyombo vyako. Meza haijibu lakini angalau haipuuzi. Kanuni inakataza msafirishaji kutumia mali ya mteja, kwa hiyo sikai kwenye kiti chako hata kimoja. Nasimama tu karibu, kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Vyombo nitakuletea, kwa njia yoyote itakayoruhusiwa. Niambie wapi.

Kobe


15 Aprili

Bwana mdogo,

Jibu limekwenda. Sikukutaja. Ile kazi ya kuhamisha ofisi yenu mpe mwingine. Sitakuwa na leseni ya kuibeba.

Kobe


29 Aprili

Bwana Kobe,

Hukupotea njia.

Siku ile nilikuwa jikoni, juu, dirishani. Nililiona lori likipinda kona. Nililijua kabla sijaliona vizuri, kwa sababu mguu wa meza yangu ulikuwa umechomoza nyuma, umefungwa kitambaa chekundu kama mnavyotakiwa kufunga mzigo unaozidi. Nilifurahi kama mtoto. Nikashuka kukupokea. Nilipofika kwenye kona ya ngazi nikasikia, "Sijasema havipiti mlangoni, Mzee. Nimesema haviingii."

Sauti ya mwanangu naijua. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuisikia.

Nilipanda juu tena taratibu. Nikasimama dirishani nikakuangalia unageuza lori. Uligeuza kwa shida, ukauparuza ua, ukashuka ukauomba radhi ua. Hapo nikajua wewe ni mtu wa namna gani.

Alipoingia nikamwuliza, "Lori limekuja?" Sikumwuliza ili nijue. Nilimwuliza ili aniambie. Angesema tu, "Mama, limekuja, nimelirudisha, hakuna nafasi," ningemjibu sawa, tutafute mahali. Akasema bado. Nikangoja kesho yake. Nikangoja wiki. Kila siku nikamfungulia mlango, na kila siku akapita pembeni yake.

Kumwambia kwamba nilisikia siwezi. Nitamshtakije mtu kwenye nyumba yake mwenyewe, mimi nisiyejua sufuria ya maji ni ipi? Ndipo nilipofikiria ofisi. Nilijua huna kosa, Bwana Kobe. Nilikushtaki nikijua. Nilihesabu kwamba utaandika ukweli kama mtu yeyote mwenye akili timamu, nakala itakuja, nitaiweka mezani, atasoma, atasema, "Mama, ni kweli." Sikutaka kingine. Nilitaka aseme.

Badala yake nimepata mwungwana.

Nakala yako nilimsomea wakati wa chakula. "Nilipotea njia." Aliifuata kila neno. Kisha akavuta pumzi, Bwana Kobe, niliiona ikishuka mpaka tumboni, na usiku huo akala vizuri. Mkwe wangu naye akanichekea. Sasa sote tumeshikana mikono kwenye uongo mmoja, wewe, wao na mimi, na katika hao wote mimi peke yangu ndiye nisiye na wa kunong'ona naye.

Sikulaumu. Umenifanyia wema mkubwa mahali pasipouhitaji.

Mkunga


6 Mei

Mama Mkunga,

Nimesahau hata kukuamkia. Shikamoo.

Nilipoanza kuisoma barua yako nilicheka, pale kwenye ua. Kisha nikaacha. Nimekaa na leseni mkononi, maana iliwadia siku ile ile ya kuibandua kwenye kioo cha lori, nikawaza kwamba mimi ni mtu wa ajabu. Nimebeba makabati ya watu maisha yangu yote na sijawahi kuvunja glasi. Jambo lako moja nikalibeba kwa wiki chache, nikalidondosha.

Nimekwenda ofisini. Kanuni inaruhusu msafirishaji kusahihisha maelezo yake kabla shauri halijafungwa. Afisa alinitazama juu ya miwani.

"Kwa hiyo hukupotea."

"Sikupotea."

"Mpokeaji alikataa."

"Alikataa."

"Basi uliandika ulipotea kwa nini? Sababu yako ilikuwa safi, Kobe. Ningeigonga mhuri siku hiyo hiyo ukaenda zako."

Nikamwambia nilimwonea mtu huruma. Akatafuta kwenye makaratasi yake, akasema hana pa kuiandika hiyo.

Lalamiko la kutofikisha limefutwa. La maelezo ya uongo limebaki, na leseni inakaa kwake mpaka mwaka uishe. Alisikitika kuniambia. Nikamwambia asijali, mchanga unaningoja.

Nakala mpya itakuja kwenye sanduku lako. Nimemwomba isipelekwe na mjumbe mpaka nyumbani. Utaifungua ukitaka. Ukiitia jikoni ikachemshia maji, mimi sitajua, na sitauliza.

Mahali pa kupeleka vyombo ukipapata, mwenzangu mwenye leseni atavileta. Mimi nitakuja kama mpagazi wake. Leseni ya mgongo bado hawajaisimamisha.

Kobe


12 Juni

Ndugu yangu Kobe,

Siku ya kuleta vyombo hatukuzungumza, wewe ulikuwa chini ya kabati na mimi nilikuwa nawapisha watu. Nilitaka kukueleza, lakini ulikuwa unagombana na lile lori la mwenzako kuhusu namna ya kufunga kamba, ukaniomba radhi mara tatu kwa vumbi la kwenu, ukaondoka. Basi soma hapa.

Nakala ilikaa kwenye mkoba wangu siku kadhaa. Kila nikitaka kuitoa, mwanangu anakuwa na jambo: amechoka, ana simu, amenunua matunda. Jioni moja nikaiweka tu kando ya sahani yake, nikaendelea kula.

Akaisoma. Akaiweka chini, akaichukua tena.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa kwenye ngazi."

"Siku ile?"

"Siku ile."

Mkwe wangu akasimama kutoa vyombo ambavyo bado tulikuwa tunavilia. Mwanangu akasema, "Ni kweli, Mama. Nililirudisha. Nisamehe." Nikamwambia yamekwisha. Ndiyo hayo, Bwana Kobe. Nilipata kila nilichokitaka, kwa maneno yale yale niliyoyatunga kichwani miezi yote ile.

Nilidhani baada ya hapo tutazungumza. Nilikuwa nimeandaa hata ya kumwambia, kwamba kochi lile linaniumiza, kwamba ningependa kuchemsha maji. Hatukuzungumza. Alianza kunisalimu mara mbili mbili, akawa anaingia chumbani akinikuta anatoka. Alikuwa sawa kukuandikia kwamba nikimsamehe hataliweza. Ndiyo, ameniambia pia kwamba mliandikiana. Nilimwambia nafurahi alikuwa na wa kumwandikia.

Kwa hiyo nikatafuta hiki chumba. Alinisaidia kulipia na akapima mlango mwenyewe kwa futi, mara kadhaa, ili kabati lisije likakwama. Umekiona, hakina makuu, ila dirisha ni zuri. Meza imekula nafasi yote. Kutoka kitandani kwenda mlangoni napita ubavu, kama kaa. Jirani alichungulia akaniuliza, "Mama, unategemea wageni?" Nikamwambia najizoeza kuwategemea.

Mwanangu alikuja Jumapili ya kwanza. Mlango ulikuwa wazi, akabisha hodi hata hivyo. Alikunywa chai, akasifu chai, akatazama vyombo vyote kimoja kimoja kama mtu aliyeitwa kutambua ndugu zake. Jumapili ya pili alikuwa na kazi. Ya tatu amesema ataangalia.

Ukipita na mchanga wako, usipige honi. Panda tu. Hapa hakuna kanuni ya kukataza kukaa.

Jirani anashangaa kwamba kila siku ananikuta nimekaa mahali tofauti. Sijamweleza. Viti ni vinane na mwenye kuvikalia ni mmoja; nikishika kimoja tu, kitachakaa peke yake na vingine vitabaki vipya, halafu havitafanana tena. Kwa hiyo navizungukia. Nikimaliza barua hii nitahamia cha dirishani, leo ni zamu yake.

Mkunga